Kubeba Robota la Saileji Bila Kulitoboa: Kuchagua Kifaa Kinacholingana na Trekta Lako

Kila mvua zinapokatika na wafugaji wa Kiruhura, Lyantonde, Sembabule na Nakaseke nchini Uganda kuanza kuhesabu siku za kiangazi, maswali huwa yale yale. Mkuki wa nyasi kavu, ule wa chuma kirefu kinachochomwa ndani ya robota, unafaa kwa robota lenye plastiki? Trekta la nguvu farasi 50 litaliinua? Lazima niwe na loda, ile mikono ya kuinulia iliyo mbele ya trekta? Fundi wa vyuma wa Katwe, Kampala, anaweza kunitengenezea? Tumeyajibu hapa kwa mpangilio unaopaswa kuufuata kabla hujatoa shilingi. Anza na uzito wa robota, kisha uwezo wa trekta, kisha aina ya kifaa. Wengi huanza na kifaa kwa sababu wamekiona kwa jirani, na hapo ndipo pesa hupotea.

Nadharia ni fupi. Saileji, yaani majani mabichi yaliyochachushwa kuwa chakula cha mifugo, haiozi kwa sababu imenyimwa hewa. Tundu la ukubwa wa msumari linarudisha hewa, ukungu unaanza, na kwa joto letu haukawii kusambaa. Kwa hiyo unachokinunua hasa ni kitu cha kuinua mamia ya kilo bila kuichuna plastiki iliyo nyembamba kuliko ukucha.

Kwanza: je, kweli unahitaji kifaa?

Marobota yako ya ukubwa gani? Yale madogo ya mahindi yaliyokatwakatwa, yenye kipenyo cha sentimita 55 hivi na urefu wa sentimita 52, huwa na kilo 60 hadi 90. Hayo hayahitaji kibano cha haidroliki. Watu wawili na toroli wanatosha. Kama ni mengi, mwambie fundi akutengenezee jukwaa bapa la kukaa kwenye mikono ya nyuma ya trekta (miwili ya chini na mmoja wa juu), upana mita 1.5 na kina mita 1.2, sakafu ya mbao zilizopigwa randa na misumari iliyozamishwa. Linabeba marobota 8 kwa tabaka mbili, takriban kilo 600. Usiyavute kwa kamba wala usiyashike kwa kucha. Kumbatia kutoka chini. Kwako mwongozo huu unaweza kuishia hapa, isipokuwa ile sehemu ya kupanga ghalani.

Na kama bado hujaamua ukubwa, hesabu ng'ombe wako. Ng'ombe wa maziwa aliyekomaa anaweza kula kilo 20 hadi 30 za saileji kwa siku. Ukiwa nao 5, robota la kilo 700 litakaa wazi karibu siku 5 au zaidi, nalo likishafunguliwa linapaswa kuisha ndani ya siku 2 au 3. Marobota makubwa yanaleta maana kuanzia ng'ombe 10 au 12 wanaokamuliwa. Chini ya hapo, kaa na madogo, hata kama mwenye mashine kubwa anakupa bei nzuri.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Futi ya kupimia ya mita 5, kalamu na karatasi.
- Kitabu cha trekta, au picha ya kibati cha namba ili muuzaji akusomee uwezo wa mikono ya nyuma.
- Uzito wa trekta na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma.
- Kipenyo na urefu wa robota litakalotengenezwa. Muulize mwenye mashine, usikisie.
- Jerikeni 40 za lita 20. Utaona kazi yake.
- Utepe wa kuziba plastiki ya saileji, ule unaostahimili jua. Utepe wa kahawia wa kufungia maboksi hubanduka upesi juani.
- Kitambaa laini, kama kipande cha soksi ya nailoni.

Hatua ya 1: Jua uzito wa robota

Robota la kawaida la duara lina kipenyo cha mita 1.2 na urefu wa mita 1.2. Ujazo wake ni 0.785 × 1.2 × 1.2 × 1.2, yaani karibu mita za ujazo 1.36. Nyasi zilizonyauka vizuri zikafungwa kwa nguvu hutoa kilo 400 hadi 500 kwa kila mita ya ujazo. Nyasi mbichi au mahindi hufika 600 na kuzidi. Kwa hiyo robota moja ni kati ya kilo 550 na 850. Matete yaliyofungwa siku ile ile ya kukatwa huvuka hapo. Likiwa na kipenyo cha mita 1.5, ujazo ni mita 2.1 na uzito unaweza kupita tani moja.

Chukua namba ya juu, usichukue ya katikati. Msimu mmoja mvua itakuwahi shambani, nyasi zitafungwa zikiwa na maji, na kifaa ulichokinunua kwa robota la kilo 600 kitakutana na la 850.

Hatua ya 2: Jua trekta lako linaweza nini

Angalia mambo manne.

*Uwezo wa mikono ya nyuma.* Baadhi ya vitabu hutaja kilo kwenye ncha za mikono, vingine hutaja kwa milimita 610 nyuma ya ncha. Namba ya pili ndiyo yako, kwa sababu kitovu cha robota hukaa sentimita 70 hadi 80 nyuma ya ncha. Ukiwa na ile ya kwanza tu, kata theluthi moja. Kwa robota la kilo 800 na kifaa cha kilo 100, tafuta trekta linaloandikwa angalau kilo 1,350 kwenye ncha.

*Ukubwa wa pini.* Daraja la 1 lina pini za chini za milimita 22 na ya juu ya 19, na upana wa sentimita 68 kati ya mabega. Daraja la 2 lina pini za 28 na 25, upana sentimita 82. Pini ya daraja la 1 kwenye tundu la daraja la 2 inacheza, inakula tundu, na siku moja inakatika robota likiwa juu. Kama hazilingani, weka bushi za chuma. Nondo iliyokatwa si pini.

*Njia za haidroliki.* Hesabu matundu ya mafuta nyuma ya trekta. Tundu moja kwa leva moja maana yake mafuta yanasukuma upande mmoja tu, kama ya kuinua tela. Kibano kinahitaji matundu mawili kwa leva moja: moja la kufunga, moja la kufungua. Matrekta mengi ya zamani hayana, na valvu ya kuongeza ni gharama ambayo muuzaji wa kibano hatakutajia.

*Loda.* Kama ipo, tafuta uzito inaoinua hadi juu kabisa, wala si ule wa kuvunja ardhi kwa ndoo. Angalia pia kama trekta linavuta magurudumu manne. Ekseli ya mbele ya trekta linalovuta kwa magurudumu mawili haikuundwa kubeba robota la kilo 800 pamoja na loda yenyewe. Bushi na bearingi za mbele ndizo zitakazolipa.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya magurudumu ya mbele

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayoua. Haidroliki inaweza kuinua robota vizuri kabisa huku magurudumu ya mbele yakielea, na dereva akagundua kwenye mteremko kwamba usukani haugeuzi kitu.

Kanuni ni hii: (uzito wa robota × umbali wake kutoka ekseli ya nyuma) + (uzito wa kifaa × umbali wake), kisha gawa kwa umbali kati ya ekseli mbili. Jibu ndilo linaloondoka kwenye magurudumu ya mbele. Kinachobaki mbele kisipungue asilimia 20 ya uzito wa trekta.

Mfano: trekta la nguvu farasi 75 lenye kilo 2,600, kilo 990 zikiwa mbele, ekseli mita 2.2. Robota la kilo 800 liko mita 1.65 nyuma ya ekseli, kifaa cha kilo 100 kiko mita 1.05. Hesabu: (800 × 1.65 + 100 × 1.05) ÷ 2.2 = karibu kilo 650. Mbele zinabaki 340. Asilimia 20 ya 2,600 ni 520. Zinapungua 180. Vyuma vya uzito vikining'inizwa sentimita 70 mbele ya ekseli ya mbele vina nguvu zaidi ya uzito wake, kwa hiyo kilo 140 zinatosha kuziba pengo.

Sasa trekta la nguvu farasi 50 lenye kilo 1,950, mbele kilo 740, ekseli mita 1.95, robota lile lile likiwa mita 1.6 nyuma. Zinaondoka zaidi ya kilo 700. Mbele zinabaki kama 30. Haidroliki itainua, lakini hilo si trekta tena. Kwa ukubwa huo, kaa kwenye marobota ya kilo 400 au pungufu, na bado uongeze chuma kidogo mbele.

Kwa wenye loda hesabu inageuka: uzito uko mbele, nyuma ndiko kunakoelea. Drumu la lita 200 lililojazwa zege lina karibu kilo 480. Zamisha ndani yake bomba nene la kupitisha pini za mikono ya chini na chuma cha toplinki (mkono wa juu wa nyuma) kabla zege halijashika. Ni uzito wa nyuma wa bei rahisi kuliko wowote wa dukani. Maji ndani ya matairi ya nyuma nayo husaidia.

Hatua ya 4: Chagua aina

*Mkuki.* Kwa robota lililofungwa plastiki, hapana. Wapo wanaotoboa kisha wanaziba kwa utepe, lakini hewa imekwisha kuingia hadi kitovuni. Hata hivyo mkuki una siku zake mbili halali: kabla ya plastiki, na siku ya kulisha. Ukiweza kuegesha mashine ya kufungia plastiki pale pale ghalani, beba marobota kwa mkuki kutoka shambani yakiwa na wavu wa kufungia tu, yafungwe plastiki huko, na baada ya hapo yasogezwe mita chache. Kwa mashamba mengi tungeanza na mpango huu kabla ya kufikiria kibano. Sharti lake ni kwamba robota lisilale bila plastiki. Lifungwe ndani ya saa chache.

*Mabomba mawili ya nyuma.* Fremu kwenye mikono mitatu ya nyuma, na mabomba mawili ya duara yanayopita chini ya robota lililolala kwa mgongo wake, yaani upande wa mviringo. Hakuna haidroliki ya ziada, hakuna cha kuharibika, na fundi yeyote mzuri anakitengeneza. Kasoro yake: hakiwezi kulisimamisha robota kwa ubapa (uso bapa wa mwisho wake) wala kulipandisha juu ya jingine. Kwa shamba la marobota chini ya 200 kwa mwaka na trekta la nguvu farasi 65 hadi 85, hiki ndicho tunachokipendekeza bila kusita.

*Kibano cha mikono laini.* Mikono miwili ya mabomba yaliyopinda au bamba laini, inafungwa kwa silinda ya haidroliki na kulikumbatia robota ubavuni. Kinapanga, kinasimamisha, kinapakia kwenye lori. Kinafaa zaidi mbele, kwenye loda, na trekta linalovuta kwa magurudumu manne. Kwa robota la mita 1.2 mikono ifunguke angalau mita 1.5. Kinahitaji nafasi ubavuni mwa robota, kwa hiyo marobota yaliyobanana hayashikiki ila kuanzia mwisho wa safu. Hakikisha vishikio vya nyuma ya kibano vinalingana na vya loda yako. Kibano chenye vishikio vya Euro (aina ya kawaida ya Ulaya) hakiingii kwenye loda ya pini bila kuchomelewa upya.

*Kucha, ndoo na uma wa mbolea.* Kucha hutoboa. Ndoo ni hatari zaidi: robota la duara likiinuliwa kwenye ndoo wazi hubiringika kurudi nyuma kwenye mikono ya loda, moja kwa moja hadi kwa dereva. Usifanye, hata kwa mita kumi.

*Uma wa paleti.* Kingo zake hukata, ila ukivisha kila jino bomba laini lililofungwa kwa pini unakuwa na mabomba mawili. Pima upana kwanza. Uma mwingi haufunguki vya kutosha.

Hatua ya 5: Ukiamua kumpa fundi, mpe vipimo hivi

Usimwambie fundi "nitengenezee kama kile cha picha." Mpe karatasi.

1. Mabomba mawili ya inchi 3, kipenyo cha nje milimita 89, ukuta milimita 6. Bomba la maji la ukuta mwembamba litapinda robota likiruka shimo hata kama linabeba likiwa limesimama.
2. Urefu wa bomba kutoka kwenye fremu: mita 1.1 hadi 1.2 kwa robota la mita 1.2. Likizidi hapo, ncha inatoboa robota la nyuma yake.
3. Umbali kati ya vitovu vya mabomba: sentimita 80 hadi 90. Kwa umbali huo mabomba yanaingia chini ya robota la mita 1.2 bila kuligusa, kisha yanaligusa yakipanda sentimita 5 hadi 9. Chini ya sentimita 66 mabomba yanasugua plastiki tangu yanapoingia. Zaidi ya mita moja, robota linazama katikati na kukwaruza ardhi. Kwa robota lililolegea na kubonyea, tumia 90.
4. Ncha zizibwe kwa kofia ya mviringo iliyosagwa, si bamba lililokatwa mraba.
5. Bomba lipenye fremu na kuchomelewa pande zote mbili, na kipande cha pembetatu cha milimita 10 kiwekwe chini ya kila ungio. Bomba lililobandikwa usoni mwa fremu kwa ulimi mmoja wa weldingi litang'oka.
6. Fremu iwe na ukuta wa nyuma wa kimo cha sentimita 90 au zaidi, wa mabomba laini, ili robota likiegemea lisikutane na pini, boliti au toplinki.
7. Hakuna boliti wala kichwa cha pini upande wa robota.

Hatua ya 6: Kagua kabla ya kulipa

Pitisha soksi ya nailoni juu ya kila sehemu itakayogusa robota. Ikinasa, plastiki nayo itanasa. Matone ya weldingi hayaonekani chini ya rangi, lakini soksi inayaona. Yasagwe kwa grinda, yapigwe msasa, ndipo rangi irudiwe.

Kwa kibano, kifunge na kukifungua mara kumi. Mikono yote miwili iende pamoja. Kisha kifunge kwenye kitu kigumu, zima trekta, ngoja dakika 15: kikilegea, silinda au valvu inavuja. Uliza kama kuna valvu ya kufunga mafuta kwenye silinda yenyewe. Ndiyo inayoshikilia robota mpira ukipasuka. Usitafute uvujaji kwa kidole. Mafuta ya haidroliki yanayotoka kwenye tundu dogo hupenya ngozi na kuingia mwilini. Tumia kipande cha boksi.

Hatua ya 7: Jaribu kwa jerikeni, si kwa saileji

Jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20 na kidogo. Weka paleti au mbao imara juu ya mabomba, zifunge, panga jerikeni 20, kisha 20 nyingine juu yake, na uzizungushie kamba. Hizo ni kilo 800, mahali pale pale robota litakapokaa. Inua sentimita 30 kwenye ardhi tambarare. Watu wote wakae mbali, hakuna wa nyuma, hakuna wa kusimama kwenye vyuma vya mbele "kuongeza uzito."

Angalia matairi ya mbele: yamekaa bapa ardhini au yanagusa tu? Endesha mwendo wa mtu anayetembea, geuka kushoto na kulia, funga breki taratibu. Usukani ukiwa mwepesi kupita kawaida, rudi Hatua ya 3. Ukitaka kujaribu robota la kilo 500, ondoa jerikeni 15.

Hatua ya 8: Robota la kwanza

1. Kaza minyororo ya pembeni ya mikono ya chini. Ikilegea, mabomba yanayumba na kusugua.
2. Urefu wa mikono miwili ya chini uwe sawa. Pima kwa futi, macho hudanganya kwenye ardhi yenye mwinamo.
3. Rekebisha toplinki ili ncha za mabomba ziwe chini kidogo wakati wa kuingia, na zinyanyuke kidogo kuliko fremu wakati wa kubeba. Robota liegemee trekta.
4. Rudi nyuma ukilielekea robota upande wa ubapa, katikati kabisa. Mtu wa kuelekeza asimame ubavuni mwa trekta dereva anapomwona, kamwe asisimame kati ya trekta na robota.
5. Ingia hadi ubapa uguse fremu kidogo. Ukisukuma, wavu unasogea ndani ya plastiki na tabaka zinaachana.
6. Inua polepole, beba sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini. Robota likiwa juu zaidi, kila shimo linapigwa mara mbili.
7. Kushusha: shusha hadi mabomba yaache kugusa ndipo uondoke. Kuchomoa mabomba yakiwa bado yamebeba ndiko kunakochana plastiki kuliko kubeba kwenyewe.

Kwa kibano, shika katikati ya kimo cha robota au chini kidogo, funga hadi robota litulie, basi. Leva ikiendelea kushikiliwa, plastiki inakunjamana na ubapa unapasuka.

Kwenye milima ya Ntungamo, Rukungiri au Kabale, usiweke robota likiwa na mgongo kuelekea bondeni. Ubapa utazame chini ya mteremko. Kilo 800 zikianza kubiringika hazisimamishwi na mtu wala ua wa miti.

Hamisha marobota siku ile ile yaliyofungwa plastiki. Ukiyaacha shambani, ndege, mbuzi na mabua makali ya mahindi huanza kazi kabla yako.

Hatua ya 9: Kupanga ghalani kulingana na kifaa

Ubapa wa robota una tabaka nyingi za plastiki kuliko mgongo, kwa hiyo likisimama kwa ubapa linahimili zaidi. Hilo linawezekana kwa kibano. Kwa mabomba mawili utalilaza kwa mgongo, tabaka moja tu, safu zilizonyooka, ubapa ukitazama njia ya trekta. Uzuri ni kwamba mabomba hukaa ndani ya upana wa robota, kwa hiyo safu zinaweza kukaribiana bila kuacha nafasi ya mikono. Acha mita 5 au 6 mbele ya safu za kugeuzia trekta.

Marobota yenye maji mengi yasipandishwe hata kama kibano kinaweza. La chini linabonyea, plastiki inavutika na kupasuka.

Chini pawe zege au murramu iliyoshindiliwa, bila vikonyo wala mawe. Nakasongola na maeneo mengine yenye mchwa wengi, safisha majani na vijiti vyote, bomoa vichuguu vya karibu, na ukague chini ya marobota ya pembeni kila wiki. Dai tabaka 6 za plastiki, siyo 4. Jua la ikweta halina huruma.

Matatizo na chanzo chake

*Kila robota linachanika mahali pale pale.* Kuna kitu kwenye kifaa. Rudisha ile soksi. Kama hakuna, tazama ncha ya bomba: inagota robota la nyuma.

*Trekta la nguvu ya kutosha linakataa kuinua.* Kabla ya kulaumu pampu, angalia leva. Matrekta mengi, Massey Ferguson yakiwemo, yana leva moja ya kimo na nyingine ya kina cha plau. Kubeba robota tumia ya kimo, na ile ya plau iache mahali kitabu kinapoelekeza. Kisha angalia kiwango cha mafuta na kichujio.

*Mikono inashuka yenyewe injini ikizimwa.* Sili za silinda ya ndani au valvu zimechoka. Unaweza kumaliza msimu, lakini usiegeshe robota likining'inia, na asipite mtu chini yake.

*Robota linateleza kwenye kibano.* Umeshika juu mno, au plastiki ina umande. Shika chini ya katikati, subiri jua liukaushe. Likiendelea, robota ni laini ndani. Hilo ni tatizo la mashine ya kufungia, na kubana zaidi kutalipasua.

*Robota linayumba kushoto na kulia njiani.* Minyororo imelegea au pini ni ndogo kuliko tundu.

*Mpira wa haidroliki wa kibano hauingii kwenye tundu.* Mara nyingi mafuta yamebaki na shinikizo. Zima injini, sogeza leva mbele na nyuma mara kadhaa, jaribu tena. Usiipige kwa nyundo. Ukipinda ncha utanunua vyote viwili.

*Umeona tundu.* Pangusa vumbi na maji hadi plastiki ikauke kabisa, kata utepe unaozidi tundu kwa sentimita 10 kila upande, ubandike bila kuuvuta, kwa sababu ukivutwa unarudi na kubanduka. Fanya hivyo siku hiyo hiyo. Tundu lililokaa wiki usilizibe: weka alama kwenye robota hilo, lilishwe mwanzo, na sehemu yenye ukungu itupwe mbali na hori.

*Wavu na plastiki vimechanganyika na chakula.* Hutokea robota likikatwa likiwa bado linaning'inia kwenye kifaa. Lishushe chini kwanza, kata plastiki kwa juu, vua wavu wote kwa kipande kimoja, uhakikishe umeutoa wote. Ng'ombe akimeza wavu, hautoki tumboni.